Moto gani huo unaowaka barafuni?

Watu wakisikia kwamba Antaktika kuna kikosi cha zimamoto cha kudumu, chenye magari, ving'ora, zamu za usiku na askari wanaolipwa kwa kazi hiyo tu, wengi hucheka. Niliwaambia kantini kwetu, wakacheka. Dada anayetupakulia ugali akauliza: moto gani huo unaowaka juu ya barafu? Si itayeyuka yenyewe iuzime? Ni swali zuri kuliko anavyodhani, na nimelibeba hadi hapa kwa sababu jibu lake ndilo kazi yangu ya kila siku, ingawa kusini zaidi ya Mbeya sijawahi kutia mguu.

Jibu la haraka ni kwamba barafu haizimi moto. Barafu ni maji yaliyogoma. Ukitaka yarudi kazini inabidi uyape joto, joto unalipata kwa kuchoma dizeli, na dizeli hiyo hiyo, pamoja na injini zinazoichoma, ndiyo inayoweza kukuunguzia kituo kizima. Wenzetu wa kule wanaishi ndani ya duara hilo. Mimi, kwa kipimo cha kwetu, naishi ndani ya duara linalofanana nalo sana.

Mimi ni mtu wa usalama na moto kwenye kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, pembeni ya ziwa. Sangara anaingia kwa upande wa maji, minofu inatoka kwa upande wa barabara, na katikati kuna vyumba vya baridi. Stoo kuu inakaa nyuzi 18 chini ya sifuri au pungufu, na friza ya kugandishia inashuka hadi thelathini na ushei. Nje jua la saa nane linachoma mawe mpaka mijusi wanahama upande. Wewe unavaa koti zito, kofia, glavu na gambuti zenye manyoya ndani, unaingia, unakagua, unatoka, na miwani inajaa ukungu huoni mbele. Vijana wa kupakia wananiita Baba Barafu. Shikamoo yao yenyewe ina kicheko ndani.

Ndiyo maana habari za McMurdo zilinishika. McMurdo ni kituo kikubwa kuliko vyote Antaktika, cha Wamarekani, kwenye kisiwa cha Ross. Kiangazi chao, kati ya Oktoba na Februari, watu hufika karibu 1,000: wanasayansi, mafundi, wapishi, madereva, wafagiaji. Majira ya baridi wanabaki wachache, mia na kitu hadi 200 hivi. Jua linazama mwishoni mwa Aprili na halionekani tena mpaka Agosti. Meli ya shehena hufika mara moja kwa mwaka, ikitanguliwa na meli ya kuvunja barafu, na ndege hutoka Christchurch, New Zealand, mwendo wa kama saa tano kwa ndege kubwa ya mizigo ya jeshi. Ni mji mdogo wenye mabweni, bwalo, kliniki, kanisa, gereji na matangi ya mafuta. Nyuma yake, na hili dada wa kantini alilipenda, kuna mlima Erebus, mita 3,794, volkano hai yenye ziwa la lava kileleni. Moto juu ya barafu, ziwa zima la moto! Lakini huo hauwanyimi usingizi. Unaowanyima usingizi ni wa jikoni, wa chumba cha jenereta, wa waya uliochubuka nyuma ya ukuta.

Kazi ya zimamoto, huku na kule, sehemu kubwa ni kutembea na kugusa vitu. Sinema hazionyeshi hayo kwa sababu hayauzi. Kule wanazunguka majengo kukagua mitungi ya kuzimia moto, kujaribu kengele, kuhakikisha mlango wa dharura haujazibwa na theluji iliyorundikwa na upepo usiku. Ndege ikitua au kuruka kwenye uwanja wa barafu, gari la zimamoto liko pale linasubiri, injini inanguruma, watu wamevaa tayari. Mtu akianguka na kuvunjika mkono, wao ndio wenye gari la wagonjwa. Kisha kuna kengele za bure, mkate uliobabuka na mengineyo, na kila moja unaikimbilia kama ya kweli, kwa sababu siku utakayoiendea polepole ndiyo itakayokuwa ya kweli.

Kwetu kengele za bure zinaletwa na mvuke. Usiku wa kuosha mashine, maji ya moto yanamwagwa sakafuni kwenye ukumbi wa minofu, mvuke unapanda, kitambua moshi kinapiga kelele. Akina mama wa usafi wameshazoea, hawainui hata kichwa. Hilo linanikera kuliko kengele yenyewe.

Niwapeleke kwenye kituo kimoja tu cha mzunguko wangu wa usiku, kwa sababu mtu asiyekijua hatanielewa ninaposema baridi na moto ni majirani. Mlango wa stoo ya baridi una waya wa joto unaozunguka fremu yake yote, umefichwa nyuma ya mpira. Bila huo waya, unyevu wa nje ungeganda kwenye mpira na mlango ungeng'ang'ania ukuta mpaka uufungue kwa mtaimbo. Kwa hiyo unapasha moto mlango ili uweze kuingia kwenye baridi. Waya ukichakaa, au forklifti ikiugonga, au fundi akiuunga kwa haraka ili awahi daladala, pale panakuwa na jiko dogo lililopachikwa ukutani. Na ukuta wenyewe ni paneli: bati huku, bati kule, katikati povu gumu la plastiki. Povu hilo likishika, moto unatembea katikati ya bati mbili bila wewe kuuona. Bati linabaki jeupe na safi, lina nembo ya kiwanda, na ndani linaungua.

Nikifika pale navua glavu, napitisha mgongo wa kiganja kwenye bati, juu ya mlango kwanza, halafu pembeni, taratibu, kama urefu wa mkono kutoka kwenye fremu. Mgongo wa kiganja una hisia kali kuliko upande wa ndani, na ukikutana na umeme misuli inavuta mkono kuutoa badala ya kushika. Natafuta uvuguvugu mahali pasipo na haki ya kuwa na uvuguvugu. Naangalia rangi kama imevimba, nanusa. Kama kuna kitu, nazima swichi ya waya kabla sijamwita fundi. Kama hakuna, naandika kwenye daftari: saa, jina la mlango, sahihi. Mzee wa kompresa, ambaye amekaa na mashine za amonia, gesi inayopoza vyumba vya baridi, tangu mimi nikiwa shule, ananiambia kila mara, "Kijana, unapapasa huo mlango kama unanunua ng'ombe." Sawa mzee. Lakini mnunuzi wa ng'ombe naye anajua anachotafuta.

Sasa, kwa nini Antaktika inaungua? Ndilo bara kavu kuliko yote. Hewa baridi kiasi kile haiwezi kubeba unyevu, na ukiiingiza ndani ukaipasha joto inazidi kuwa kavu. Mbao za kuta, mazulia, makaratasi, vyote vinakauka mwaka hadi mwaka. Watu wanapigwa shoti kwa kugusa kitasa tu, kwa sababu umeme tuli unajikusanya mwilini na hauna unyevu wa kuuondoa. Majengo yamefungwa vizuri ili joto lisitoke, kuta zimejazwa vitu vya kuzuia baridi, na kila mahali kuna mashine ya kupasha joto inayofanya kazi bila kupumzika. Halafu kuna upepo. Upepo ukipata moto kule, kazi imekwisha kabla hujafunga mkanda wa koti.

Orodha ya walioungua ni ndefu kuliko nilivyotarajia. Agosti 1960 kwenye kituo cha Mirny cha Wasovieti, nyumba ya watabiri wa hali ya hewa iliwaka katikati ya dhoruba ya theluji, wakafa watu 8. Kanisa la McMurdo liliungua Agosti 1978. Maabara ya Bonner kwenye kituo cha Waingereza cha Rothera iliteketea Septemba 2001, hitilafu ya umeme, upepo mkali, ingawa hakuna aliyeumia. Kituo cha Brazil, Comandante Ferraz, kiliungua Februari 2012, moto ukianzia chumba cha jenereta. Wanajeshi wawili wa majini walikufa wakijaribu kuuzima, na sehemu kubwa ya kituo ikaisha. Kituo kipya kilizinduliwa Januari 2020.

Na kuna kile cha Argentina, Almirante Brown, Aprili 1984. Kilichomwa na daktari wake mwenyewe, baada ya kuambiwa atabaki kule msimu wote wa baridi. Meli ya Kimarekani ikaja kuwachukua. Ukikagua nyaya zote, mitungi yote na milango yote, bado hujakagua moyo wa mtu aliyechoka. Sina la kusema zaidi juu ya hilo, isipokuwa kwamba kwenye zamu zetu za usiku mtu akinyamaza mno mimi humsogelea na kahawa.

Maji ndiyo habari yenyewe.

Antaktika imebeba karibu asilimia 70 ya maji matamu ya dunia nzima, yote yamelala pale kama barafu. Zimamoto wa kule amesimama juu ya akiba hiyo na anahesabu lita. McMurdo wanapata maji kwa kuchuja chumvi ya bahari kwa mashine. Ncha ya Kusini yenyewe, kwenye kituo cha Amundsen-Scott kilichopo mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, wanateremsha maji ya moto ndani ya barafu, yanayeyusha shimo kubwa kule chini, kisha wanayapandisha kwa pampu. Joto la kuyeyushia linatoka kwenye jenereta za umeme. Ndiyo maana kuoga kule ni dakika mbili, mara mbili kwa wiki. Na ndiyo maana chumba cha jenereta kinaogopwa kuliko chumba kingine chochote: moto ukila jenereta umekula taa, umekula joto, na umekula maji ya kuuzimia.

Gari la zimamoto linalala kwenye gereji yenye joto, tangi limejaa, kwa sababu likilala nje linaamka jiwe. Ukianza kumwaga maji huruhusiwi kufunga bomba kabisa ukapumzika. Maji yakisimama ndani ya hozi yanaganda, na hozi iliyoganda haikunjiki, unaibeba kama mti. Hata pumzi yako ni adui: unyevu unaotoka mdomoni unaganda kwenye kifaa cha kupumulia. Kwa hiyo kabla ya maji wanakimbilia mitungi ya unga na ya gesi, na kabla ya mitungi wanategemea kuuwahi moto ungali mdogo. Siri nzima ya kazi ile ni kuuwahi.

Msomaji wa Mwanza atasema, ninyi mna bahati, mna ziwa. Kilomita za mraba 68,800 za maji matamu, ziko mlangoni, hazigandi. Kweli. Njoo basi siku ya kujaribu pampu uone.

Pampu yetu ya moto ina injini yake ya dizeli ili isitegemee umeme, kwa sababu moto ukianza jambo la kwanza ni kukata umeme, na mara nyingine umeme unakuwa umeshakatika wenyewe. Inanyonya kutoka ziwani kwa bomba lenye kichujio mwishoni. Kichujio hicho na magugu maji wana ndoa isiyovunjika. Upepo ukivuma kutoka ziwani, magugu yanakuja kwa mafungu, kijani kibichi, yana maua ya zambarau ambayo wageni wanayapiga picha. Mizizi yake imefumana kama nywele, inaingia kwenye kichujio na kukiziba. Pampu inalia lakini haileti kitu, inavuta upepo, na geji ya shinikizo inalala sifuri huku mbele yako kuna maji mpaka yanapokutana na mbingu.

Tunashuka na mundu na reki. Mmoja amefungwa kamba kiunoni, mwingine ameshika kamba, wa tatu anaangalia kama kuna mamba au kiboko, na usicheke. Tunakata, tunavuta, tunarusha nchi kavu. Magugu mabichi ni mazito kuliko yanavyoonekana, na chini yake kuna konokono, matope, na harufu inayokufuata mpaka nyumbani. Tukimaliza tunajaza bomba maji kwa ndoo kutoka juu ili litoe hewa, tunawasha, tunasubiri. Geji ikinyanyuka kuna mtu lazima apige mluzi. Wiki inayofuata upepo unarudisha magugu. Ziwa lilipojaa mwaka 2020, na likajaa tena 2024, pwani yenyewe ilihama, na palipokuwa pa kusimama pakawa pa kuogelea.

Na hiyo ni sisi tuliopo ufukweni kabisa. Panda milima ya mji huu, Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe, njia ni ngazi za kujichongea. Gari la zimamoto haliwezi kupita hata likiombewa. Mtu anaona ziwa lote kutoka dirishani kwake, na bombani maji yanakuja kwa mgao. Moto ukianza pale, majirani wanabeba ndoo na mchanga, wanavunja chumba cha jirani ili usivuke. Naijua kazi hiyo, nimekulia huko. Kwa hiyo nikisoma kwamba zimamoto wa Ncha ya Kusini amezungukwa na maji asiyoweza kuyarusha, sihitaji ramani.

Upweke nao una namna zake. Hapa tunapiga 114, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linakuja, foleni ikiruhusu. McMurdo wao wenyewe ndio 114. Katikati ya msimu wa baridi ndege haiji kirahisi na meli haiji kabisa, na Ncha ya Kusini ndiyo usiseme. Kule wakati wa baridi kikosi kinaundwa na waliopo: mpishi, fundi bomba, mtaalamu wa darubini. Wanapewa mavazi, wanafanya mazoezi, kila mmoja anajua nafasi yake kengele ikilia. Jengo lao, ambalo limesimama juu ya nguzo, lina sehemu iliyotengwa kwa kuta za kuzuia moto, yenye jenereta yake na jiko lake, ili kilichobaki kikiungua watu wajifungie humo wasubiri. Mawazo ya boti ya kuokolea, lakini ndani ya nyumba.

Wa Vostok hawakuwa na anasa hiyo. Kilikuwa kituo cha Wasovieti, sasa ni cha Warusi, kwenye uwanda wa juu, mahali ambapo Julai 1983 palipimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Mwaka mmoja kabla, tarehe 12 Aprili 1982, jengo la jenereta liliungua, fundi mmoja akafa, na watu 20 wakabaki mwanzoni mwa majira ya baridi bila umeme na bila joto. Hakuna ndege ingeweza kuwafikia. Wakafufua injini kuukuu ya dizeli, wakajiundia majiko kwa mikono, wakakaa hivyo miezi na miezi mpaka msimu ukafunguka. Mimi hapo ndipo nilipoweka simu chini nikaenda kujaribu jenereta ya akiba, ingawa siku yake haikuwa imefika.

Wavuvi wanaujua upweke huo. Baba mdogo alikuwa na kambi ya dagaa kisiwani, nyumba za nyasi na turubai zimebanana, na petroli ya injini za mitumbwi imewekwa kwenye madumu chini ya vitanda, kwa sababu ukiiacha nje inaibwa. Moto ukishika kambi kama ile, msaada kutoka nchi kavu ni saa kadhaa za boti. Kila mtu pale ni zimamoto, mpaka mama anayeuza chapati. Hata majanga makubwa ya ziwa hili yanasema hivyo. MV Nyerere ilipozama karibu na gati ya Ukara Septemba 2018, zaidi ya watu 200 wakafa, na waliotangulia kufika walikuwa na mitumbwi. Ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43. Walipona 24, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Kijana mmoja wao alipewa kazi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Walimpa kazi aliyokuwa ameshaianza.

Kuna tukio moja la McMurdo ambalo nalisimulia kila mara ninapofundisha wafanyakazi wapya, kuliko la Vostok. Desemba 2018 rubani wa helikopta aliona kitu kama moshi kwenye jengo dogo lenye jenereta ya kuendeshea mtambo wa redio, nje ya kituo. Akatua kuangalia. Ndani wamelala mafundi wawili, wamezimia. Wote wawili walifariki. Walikuwa wamekwenda kufanya matengenezo ya kawaida kwenye mfumo wa kuzima moto wa jengo hilo. Nisomee tena sentensi hiyo: walikuwa wanatengeneza kitu cha kuokoa watu.

Chumba chetu cha umeme kina mitungi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo inazima moto kwa kuufukuzia hewa, na haiulizi kama kuna mtu. Mlangoni nimebandika karatasi kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kile cha vibandiko vilivyokuja na mitungi: haingii mtu peke yake, na kabla ya kuingia mfumo ufungwe kwa pini. Fundi mmoja wa nje alikataa kunisubiri, anasema anawahi. Nikamkalia mlangoni. Akapiga simu kwa bosi, bosi akapiga kwangu, nikasema sawa bosi, na sikuondoka mlangoni.

Amonia ina adabu zaidi, inanuka. Kidogo tu na macho yanatoa maji. Shida yake ni upepo. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, kwa hiyo mahali pa kukusanyikia pa mchana si pa usiku. Nimetundika mfuko wa salfeti juu ya mlingoti, uliokatwa chini, ili mtu yeyote anayetoka anakimbia aone unaelekea wapi, akimbie kinyume. McMurdo wana madaraja matatu ya hali ya hewa, na likitangazwa namba 1 hakuna ruhusa ya kutoka nje, upepo unazidi noti 55, yaani kama kilomita 100 kwa saa, au huoni hata mita 30 mbele. Sisi tuna salfeti.

Baada ya kusoma habari za kikosi cha wapishi na mafundi bomba wa Ncha ya Kusini, nilimwomba bosi ruhusa ya kuunda chetu. Zamani kikosi cha dharura kiwandani kilikuwa vijana wa kupakia, kwa kuwa wana vifua. Nikawachukua pia akina dada wa ukumbi wa minofu. Vijana walicheka kantini, kama walivyocheka habari za Antaktika. Siku ya zoezi tukafungua hozi yenye shinikizo kamili, ile inayompeperusha mtu asiyeijua. Vijana wawili wa kwanza ilitaka kuwaondoka mikononi, ikabidi nipunguze. Akaja dada mmoja wa mezani, amekata sangara kwa kisu miaka mingi, samaki wazito, wateleza, siku nzima amesimama. Akaibana hozi kwapani, akapiga goti moja, akaielekeza kwenye pipa mpaka likaanguka, akalifuata likibiringika. Viganja vyake havikutetemeka. Nikamuuliza umejifunzia wapi. Akasema, "Kaka, hii si inavuta kama sangara tu? Ukimpa nafasi anakushinda."

Sasa ndiye kiongozi wa kikosi cha zamu ya usiku, na amekuja na madai. Gambuti za dharura ni namba 9 kwenda juu, wao wanavaa 5 na 6, na huwezi kukimbia na kiatu kinachobaki nyuma. Anataka na posho ya siku za mazoezi, kwa sababu wanabaki saa moja baada ya zamu na daladala za Igoma zinapungua. Barua ameandika mwenyewe, mimi nimeongeza sahihi yangu chini. Bosi alisema gambuti zitakuja, kuhusu posho atatujibu. Zoezi lijalo ni la pampu na magugu, na yeye ameshasema wazi kwamba kama posho haijajibiwa, ziwani atashuka mhasibu.